Behewa Lililovishwa Joho

Nchi yetu haina bahari, haina mlima wa kupigia picha, na mto wetu mkubwa hukauka kila kiangazi. Lakini Mungu si mchoyo, alitupa majirani. Tumezungukwa na nchi saba, na kila moja ina mizigo inayotaka kufika kwa mwenziwe, na njia ni moja tu, kupita kwetu. Basi viongozi wetu waliketi chini, wakafikiri sana, wakagundua kwamba hata kupitwa ni maendeleo. Reli zote za jirani zikaunganishwa na yetu, na njia hiyo ikapewa jina la Ushoroba Mkuu wa Mizigo na Udugu. Tangu siku hiyo mali za dunia hupita mbele ya macho yetu mchana kutwa, nasi huzipungia mkono.

Mimi naitwa Fundi Mwinjuma, mshona bendera. Si mtu wa siasa. Nasimulia haya kwa sababu nilikuwapo, na kwa sababu ile nguo niliishona mimi.

Reli zote hukutana mtaani kwetu, Mabanzini, kwenye uwanja wa kupangia mabehewa. Mgeni akiuona mara ya kwanza hudhani ni shamba la chuma. Kuna tuta refu la udongo, na treni ikifika kutoka nchi jirani, injini huisukuma taratibu mpaka juu ya tuta. Pale juu mabehewa hufunguliwa moja moja, na kila moja huteremka lenyewe, bila dereva, kwa uzito wake tu, mpaka ligongane na wenzake wa safari moja kule chini. Kishindo chake hutikisa vyombo kabatini. Watoto wa Mabanzini hujifunza kusema kwa vipande: neno, kishindo, neno.

Ili behewa lisigonge kwa nguvu kupita kiasi, chini ya tuta husimama wanaume wenye viatu vya chuma. Si vya kuvaa. Ni vipande vya chuma ambavyo mtu huviweka juu ya reli mbele ya behewa linalokuja, gurudumu likapanda juu yake, likaburuzika kwa kelele, likapungua mwendo. Kisha mtu huyo huruka pembeni. Anayechelewa kuruka hapewi nafasi ya kujirekebisha. Mmoja wao alikuwa jirani yangu Rehani, mtu mrefu, mcheshi, mwenye vidole visivyotimia kama wenzake wote wa kazi ile.

Mkewe, Kibibi binti Pandu, alikuwa sauti ya uwanja. Alikaa kwenye kibanda cha vioo juu ya jukwaa la stesheni, na maneno yake yalitoka kwenye spika zilizofungwa juu ya nguzo mtaa mzima. "Behewa linateremka, njia ya nne. Mama mwenye kuni, rudi nyuma. Rudi nyuma, mama." Soko letu liko upande mmoja wa reli na nyumba upande wa pili, na hakuna aliyevuka bila kumsikiliza yeye. Vipofu walivuka kwa sauti ya Kibibi. Walevi pia.

Mwaka ninaousimulia, Serikali ilikuwa imefuta ajali. Hapo awali zilikuwa zikitokea nyingi, na wageni wa Ushoroba walianza kuuliza maswali, ndipo Wizara ya Reli na Utulivu ikatoa waraka kwamba neno hilo lisitumike tena. Kilichokuwa ajali kikawa Tukio la Mafunzo. Mtu akikanyagwa na behewa tukawa tunasema amejifunza. Mtaani kwetu wasomi walikuwa wengi.

Basi ikatangazwa kwamba Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Ngwale, angekuja na mabalozi wa nchi zote saba kuuzindua Ushoroba. Ulikuwa umeshatumika miaka mingi, lakini haukuwa umezinduliwa, kwa hiyo kisheria haukuwapo. Meneja wa stesheni, Bwana Msabaha, aliniita ofisini.

"Fundi," aliniambia, "beba futi yako."

Nilidhani napima meza. Akanipeleka hadi njia ya mwisho kabisa, karibu na ukuta wa senyenge, ambako lilisimama behewa la tangi, refu, jeupe. Ubavuni lilikuwa limepakwa rangi mpya, na chini ya rangi hiyo, ukiangalia kwa makini, uliona fuvu la mtu na mifupa miwili. Lilikuwa likilia. Sijui niseme vipi. Lilitoa mlio mwembamba usiokatika, kama birika lililosahauliwa jikoni. Nyasi zilizolizunguka zilikuwa zimegeuka rangi ya chai, na kunguru walikuwa wamelala chini chali, hali kunguru halali chini.

Rehani alikuwa amesimama mbali kidogo, kitambaa puani.

"Fundi, usisimame hapo! Njoo huku upepo unakotoka."

Nilikwenda mbio. Macho yalikuwa yameshaanza kuniwasha.

"Ni nini hii?" nikauliza.

"Mzigo wa kupita," alisema Bwana Msabaha kwa haraka.

"Bwana Meneja," Rehani alisema, "vali ya bomba lake imelegea. Likigongwa kidogo tu litapasuka. Na kile kilichomo, mimi sikijui, lakini kunguru wamekijua."

Bwana Msabaha hakuwa mtu mbaya, naomba hili lieleweke. Alikuwa na hofu tu, na hofu yake ilikuwa na sababu, kwa kuwa meneja aliyemtangulia aliripoti tatizo moja, akapelekwa masomoni, na masomo yake hayajaisha hadi leo. Hata hivyo, mbele yetu alichukua simu akaipigia stesheni ya nchi lilikotoka.

"Behewa lenu linavuja," alisema.

"Kwetu lilikuwa kimya," tukasikia sauti ikijibu. "Kama limeanza kulia kwenu, basi kilio hicho ni cha kwenu."

Akaipigia nchi linakokwenda.

"Tunalisubiri kwa hamu," wakamjibu. "Lakini kwanza linyamaze."

Wizarani walimwambia kwamba behewa ambalo halikukubaliwa na nchi yoyote halimo nchini, na kitu kisichomo nchini hakiwezi kuvuja.

Bwana Msabaha aliirudisha simu mfukoni. Jasho lilimtoka hadi kwenye tai.

"Fundi," alisema, "lipime. Lishonee joho. Kitambaa kizito, rangi za nchi zote nane, lifunike kila kitu isipokuwa magurudumu. Wageni wasilione."

"Na hapo panapolia?"

"Weka pamba."

Ningefanya nini? Nililishona. Nilishona nikikohoa hata mstari ukapinda, jambo ambalo halijanitokea tangu uanafunzi. Tulilivisha mimi na Rehani, tukishindana na pumzi, tukikimbia kwenda kuvuta hewa na kurudi. Likapendeza. Lazima niseme kweli, lilipendeza kuliko bwana harusi.

Siku ya uzinduzi jukwaa lilifurika. Wanafunzi wa shule ya Mabanzini walipangwa kando ya senyenge, chini kabisa mwa tuta, kwa sababu hapo ndipo picha ingetoka vizuri. Tabu, binti wa Rehani na Kibibi, alikuwa mstari wa mbele, soksi nyeupe, bendera mkononi. Mama zao walikuwa nyuma yao na vikapu vyao, soko lote limefungwa kwa amri ili lishangilie.

Mimi niliitwa kibandani kwa Kibibi, maana bendera ya dirishani ilikuwa imechanika. Nikawa nimepiga magoti na sindano yangu. Mlangoni alisimama Ofisa wa Utulivu mwenye miwani nyeusi. Kutoka pale juu tuliona kila kitu.

Mheshimiwa Ngwale alipanda jukwaani.

"Waheshimiwa mabalozi," alisema, "na ninyi wengine mlioruhusiwa kuwapo! Zamani walisema njia ya mwongo ni fupi. Sisi tumejenga njia ndefu kuliko zote! Reli hii haibebi mizigo. Inabeba matumaini! Kila behewa mnaloliona ni tumaini lenye magurudumu!"

Mabalozi walipiga makofi. Mheshimiwa akageuka kuuangalia uwanja, na jicho lake likaangukia lile joho lenye rangi nane, likimeta pale njia ya mwisho.

"Lile!" alisema. "Lile ndilo behewa la udugu. Lipandisheni kwenye tuta. Nitalizindua kwa kulishusha kwa mkono wangu mwenyewe."

Nilimwona Bwana Msabaha akiinama sikioni mwa Waziri. Kipaza sauti cha jukwaani kilikuwa wazi, tukasikia.

"Mheshimiwa, lile ni la maonyesho tu."

"Basi lionyeshe," alijibu Waziri.

Sindano ilinichoma kidole, wala sikuhisi. Niliona injini ikienda kulichukua. Niliiona ikilisukuma juu ya tuta polepole, kama ng'ombe anayepelekwa machinjioni. Kibibi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Rehani alikuwa amemweleza kila kitu, kwani Rehani hakuwa na siri nyumbani kwake. Na sasa Rehani alikuwa chini ya tuta, zamu yake, kiatu cha chuma mkononi, na binti yake nyuma yake, ndani ya senyenge, akiimba.

Kisha joho likaanza kuvimba.

Lilivimba taratibu, kuanzia tumboni, mikunjo yote niliyoikunja ikafunguka, likawa duara kama puto. Mabalozi walisimama kwa furaha, wakidhani ni ufundi wetu. Mmoja alipiga mluzi. Mishono yangu ni imara, sijisifu, lakini nilijua kiasi inachoweza kubeba. Nikaona uzi wa kwanza ukikatika, halafu wa pili. Kando ya senyenge wimbo ulianza kukatikakatika. Watoto walikuwa wakikohoa kati ya beti.

Ofisa wa Utulivu alisikiliza kitu sikioni, kisha akaweka karatasi mbele ya Kibibi.

"Soma."

Kibibi akaiangalia. "Wananchi, hakuna hatari. Harufu mnayoisikia ni ya maendeleo. Bakini mlipo." Hakuisoma kwa sauti ya spika, aliinong'ona tu, kama mtu anayeonja chakula kilichochacha. Halafu akainua macho.

"Baba," alimwambia Ofisa, "upepo unaelekea wapi?"

"Upepo haujaandikwa hapo. Soma."

"Mwanangu yuko pale."

"Wangu pia yuko pale," alisema Ofisa. Alisema bila kufikiri, na neno lilipokwisha kumtoka akawa kama mtu aliyesikia habari mbaya kwa mara ya kwanza. Akavua miwani. Macho yake yalikuwa ya kijana mdogo tu, mekundu.

Pale chini Mheshimiwa alibonyeza kitufe cha kulifungulia behewa.

Behewa likaanza kuteremka. Kibibi alivuta kipaza sauti, akaigeuza karatasi ya Ofisa kifudifudi. Nami nilikuwa pale miguuni pake na sikumsaidia. Nilikuwa nimeshikilia bendera kama mtoto anavyoshika nguo ya mama yake. Halafu akasema.

"Mabanzini, ni mimi Kibibi. Kimbieni."

Sauti yake ilitoka kwenye nguzo zote mara moja.

"Msielekee sokoni. Upepo unakwenda sokoni. Pandeni upande wa makaburini, juu. Mama Shali, acha kikapu, shika watoto wawili. Mwalimu Hidaya, fungua lango la senyenge. Vunja kama limefungwa. Tabu, mwanangu, mshike mwenzako mkono, kimbia, usinitafute. Funikeni pua kwa nguo yenye maji. Mzee Kombo, geuka kushoto, kuna mtu atakushika. Rehani. Baba Tabu. Weka kiatu uondoke. Weka uondoke, nakuomba."

Ofisa wa Utulivu hakuwa mlangoni tena. Nilimwona chini, akirarua senyenge kwa mikono, damu zikimtoka.

Watu wa Mabanzini hawakuuliza. Walikimbilia kule sauti ile ilikowatuma, kama walivyozoea kila siku kuvuka reli. Jukwaani Mheshimiwa alikuwa akipiga kelele kwamba watulie, lakini kipaza sauti chake kilisikilizwa na mabalozi peke yao.

Rehani aliweka kiatu. Akaweka na cha pili. Gurudumu likapanda, chuma kikalia kilio ambacho nakisikia mpaka sasa nikifumba macho, cheche zikaruka, na behewa likapungua, likapungua, likawa mwendo wa mtu anayetembea. Nikasema Alhamdulillahi. Ndipo likawagusa wenzake. Liligusa tu. Joho langu likapasuka kutoka shingoni hadi miguuni, na wingu jeupe likatoka, zito, la chini, likitambaa juu ya mataruma ya reli kama kitu chenye akili.

Rehani alikimbia hatua kadhaa, akaanguka. Kibibi aliliona hilo. Hakunyamaza. Aliendelea kuwaelekeza watu, mtaa kwa mtaa, hadi mtu fulani alipokata umeme wa spika na midomo yake ikawa inacheza bila sauti.

Aliyeingia kwenye lile wingu kumtoa Rehani alikuwa Bwana Msabaha. Alifunga tai yake puani, akaingia. Alitoka akimburuta kwa mabega, wote wawili wakitapika. Sijui aliutoa wapi ujasiri ule, na nadhani hata yeye hakujua.

Watu wote wa Mabanzini walipona. Nasema wote. Kuku, mbuzi na paka waliobaki walikufa, na Wizara ikaeleza kwamba ni uzee. Mabalozi walipandishwa magari mapema, wakasifu fataki. Mheshimiwa alitangaza kwamba moshi ule ulikuwa wa sherehe, na kwamba Ushoroba umezinduliwa. Bwana Msabaha alipelekwa masomoni.

Rehani alilala hospitali hadi mvua zikaanza. Alirudi nyumbani hai, ila mapafu yake yalikuwa yamebaki vipande. Tangu hapo hasemi, hunong'ona. Kibibi alishtakiwa kwa kosa la kukimbiza wananchi bila kibali. Ilikuwa kesi ngumu kwa upande wa Serikali, maana hapakuwa na ajali, kwa hiyo hapakuwa na waliookolewa, lakini mahakama ilijaa hao wasiookolewa mpaka wengine wakasimama madirishani. Hakimu aliwatazama, akamsamehe. Kazi hakurudishiwa. Nikampa nafasi kibandani kwangu, akawa ananishonea vifungo.

Mabehewa meupe yaliendelea kupita. Yalizidi, kwani biashara yake, inasemekana, ni nzuri. Spika zilikuwa kimya, na watu walivuka reli kwa kubahatisha.

Asubuhi moja tukiwa kazini, nguzo iliyo mbele ya kibanda changu ilikohoa, ikasema:

"Mabanzini, ni mimi Kibibi. Hakuna hatari. Tulieni."

Kibibi alikuwa mbele yangu, kifungo mkononi, mdomo umefungwa.

"Fundi," aliniuliza, "mimi nimesema hayo lini?"

Ilikuwa sauti yake, ule ule upole, ule mvuto wa mwisho wa neno. Watu wa Wizara walikuwa wameyachota maneno yake kwenye kanda walizomrekodi miaka yote, moja huku, moja kule, wakayaunga kama mimi niungavyo vitambaa. Lakini kilichonitia baridi kilikuwa barabarani. Wanawake waliokuwa wakipita walisimama, wakatua mizigo yao, nyuso zikalainika. "Kama Kibibi kasema," mmoja alimwambia mwenziwe, na wakaketi kupumzika kando ya reli.

Kibibi alitoka nje mbio, bila viatu. "Si mimi!" aliwaambia. "Niangalieni, mimi niko hapa!" Wakamwangalia, wakaiangalia nguzo. Yule wa nguzoni alikuwa na sauti kubwa zaidi.

Tangu siku ile yeye na mumewe wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba. Rehani hawezi kusema, anasimama tu nyuma yake, na watu wakisikia anavyovuta pumzi wanaamini. Kibibi huwaambia maneno yale yale kila mlango: "Mkinisikia juu ya nguzo, si mimi. Mimi nitabisha hodi. Nikibisha, msiulize, tokeni."

Serikali nayo haikulala. Mwezi uliopita imepitishwa Sheria ya Kubisha Hodi, na sasa kila mwenye kutaka kubisha mlango usio wake anahitaji kibali cha Wizara. Ni sheria nzuri, inalinda faragha. Nimeibandika mlangoni kwangu.

Leo mchana, wakati nikimalizia kuandika haya, treni ndefu imeingia kutoka mpakani. Nguzo inazungumza. "Mabanzini, ni mimi Kibibi," inasema, kwa upole kabisa, "hakuna hatari," na kwa kweli sauti hiyo ni tamu, mtu anaweza kuisikiliza hata akasinzia.

Lakini kunguru wameacha kulia juu ya bati langu, na nasikia mlango wa Mama Shali ukigongwa. Sasa wa Mzee Kombo. Sasa wa jirani yangu wa ukuta mmoja, kwa kiganja, kwa nguvu, na nyuma yake pumzi ya mtu inakwaruza kama msasa.

Kalamu naiacha hapa. Natafuta kitambaa na maji.